Fogg anaweza kuwa yeyote, mradi saa yake isisimame

Msomaji wa Paris aliyefungua gazeti la Journal des Débats mwishoni mwa Agosti 1844 hakupewa kitabu. Alipewa kipande cha hadithi chini ya ukurasa, kikakatwa pale moyo ulipoanza kwenda mbio, naye akabaki na hamu yake mpaka kipande kingine kitoke. Hadithi ile ya Edmond Dantès, baharia aliyefungwa kwa fitina akarudi akijiita bwana wa Monte Cristo, iliendelea kutoka vipande vipande hadi Januari 1846. Mapema mwaka uleule wa 1844 mtunzi wake, Alexandre Dumas, akishirikiana na Auguste Maquet, alikuwa ameshamleta d'Artagnan na wenzake watatu, askari wa mfalme, katika gazeti la Le Siècle. Jules Verne alimzungusha Phileas Fogg duniani katika kurasa za Le Temps mwaka 1872. Robert Louis Stevenson naye aliwapeleka Jim Hawkins na Long John Silver kisiwani kupitia jarida la vijana la Young Folks, kati ya Oktoba 1881 na Januari 1882, kabla hadithi haijawa kitabu.

Nayataja haya mapema kwa sababu ubishi kuhusu tamthilia za runinga zinazotokana na riwaya hizi huanzia mahali pasipofaa. Watu huzungumza kana kwamba runinga imekivamia kitabu kilichokuwa kimetulia zake kwenye rafu. Riwaya hizi zilizaliwa tamthilia. Zilijengwa kwa sehemu, kila sehemu na mtego wake wa mwisho, ili msomaji asiweze kuachana nazo. Wasomaji wa hadithi za Eric Shigongo katika magazeti ya Tanzania wanalijua jambo hili bila kufundishwa: hadithi ikikatwa mlango ukiwa ndiyo kwanza unagongwa, gazeti la wiki ijayo litatafutwa hata kama fedha iliyopo ilikuwa ya mkate. Dantès mwenyewe, anapotaka kujificha, hujiita Sindbadi Baharia. Dumas alijua vizuri ni kwa msimulizi gani wa usiku elfu moja na mmoja alikojifunza kukata hadithi alfajiri. Kwa hiyo hapa mgeni ni filamu ya saa mbili. Tamthilia ya sehemu nane au kumi inarudi kwao.

Ndiyo maana inaposhindwa inauma zaidi.

Nina dai moja. Kila riwaya kubwa ya safari na hatari imesimama juu ya deni moja ambalo hata mtoto wa darasa la tano anaweza kulieleza. Fogg, aliyeweka dau kwamba ataizunguka dunia kwa siku 80, anatakiwa awe ndani ya klabu yake, Reform Club ya London, saa tatu kasorobo usiku, Jumamosi ya tarehe 21 Desemba 1872. Akichelewa, pauni 20,000 za dau, nusu ya mali yake, zimekwenda. Dantès anawadai Fernand, Danglars na Villefort, watu waliomponza, miaka 14 ya ujana wake. Jim Hawkins anaifuata hazina ya Kapteni Flint akiwa chombo kimoja na watu wanaopanga kumuua, na linalomtesa zaidi ni kwamba amempenda mkubwa wao, Silver. Deni hilo hulipwa kwa vitu vinavyopimika: saa, maili, jasho, miaka. Mtayarishaji wa tamthilia anaweza kubadilisha sura ya mhusika, rangi yake, jinsia yake, lugha yake, hata upande ambao hadithi inasimuliwa, na hadithi ikabaki hai. Akiligusa deni, ameiua, hata awe na mandhari nzuri kiasi gani.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Fogg wa mwaka 2021. Tamthilia ile ya sehemu nane ilitengenezwa kwa ushirikiano wa mashirika ya utangazaji ya umma ya Ulaya, France Télévisions, ZDF ya Ujerumani na RAI ya Italia, na BBC ikaianza kuionyesha Uingereza siku iliyofuata Krismasi. David Tennant alikuwa Fogg. Passepartout, mtumishi wake, aliigizwa na Ibrahim Koma, Mfaransa mweusi. Fix, ambaye kitabuni ni askari mpelelezi anayeamini kwamba Fogg ndiye aliyeiibia Benki ya Uingereza, aligeuzwa kuwa mwandishi wa habari wa kike, Abigail Fix, na kuigizwa na Leonie Benesch wa Ujerumani.

Kelele zilizopigwa zilikuwa juu ya Koma na Benesch. Mimi naona hao wawili ndio walioibeba tamthilia nzima. Passepartout wa Koma ana sababu ya kukimbia, ana ndugu huko Paris iliyotoka kwenye umwagaji damu wa mwaka 1871, ana uongo anaoubeba kutoka bandari hadi bandari. Uso wake unafanya kazi hata anapokuwa nyuma ya bwana wake akishika mizigo. Kumbadilisha mtumishi wa Verne kwa namna hii ni kuongeza nyama kwenye mfupa, na Verne mwenyewe hakumpa mtu huyo zaidi ya wepesi wa viungo na moyo mwema.

Kosa liko kwa Fogg. Waandishi walimpa jeraha la mapenzi. Anapokea kadi isiyo na jina la mtumaji, ndani yake limeandikwa neno moja tu, mwoga, na safari nzima inakuwa dawa ya mtu aliyewahi kumwahidi mwanamke kwamba wangeiona dunia pamoja, kisha akashindwa kuondoka nyumbani. Tangu hapo dau linakuwa kisingizio. Yanakuja mambo ya kuvutia: jangwa la Arabuni, kisiwa kitupu, Bass Reeves huko Marekani akikabiliana na wabaguzi. Lakini jaribu kukumbuka, katikati ya sehemu yoyote kati ya hizo, Fogg amebakiwa na siku ngapi. Huwezi, kwa sababu tamthilia yenyewe haijishughulishi nazo. Tunaulizwa kama atapona. Wala hakuna askari anayemfuata nyuma na hati ya kumkamata, maana Fix sasa ni rafiki.

Linganisha na kurasa za Verne huko India. Msafara unakutana na watu wanaompeleka mjane kijana, Aouda, akachomwe pamoja na maiti ya mumewe. Fogg anasema watamwokoa. Kwa nini? Kwa sababu ana saa 12 za akiba na anaweza kuzitumia kwa kazi hiyo. Mwenzake wa safari anastaajabu kwamba kumbe ni mtu mwenye moyo. Fogg anajibu kwamba mara nyingine huwa hivyo, akiwa na nafasi. Msomaji anacheka, kisha anatambua kwamba ameoneshwa tabia ya mtu kikamilifu kwa hesabu ya masaa peke yake. Huruma ya Fogg ina gharama, na gharama hiyo tunaijua mpaka dakika. Hakuna kadi ya posta inayoweza kufanya kazi hiyo. Verne hakutuambia Fogg alimpenda nani ujanani, wala hakumfungulia dirisha la treni atazame mandhari. Alimkalisha akicheza karata kutoka Suez hadi Bombay. Ukimya ule ndio uliofanya kila saa anayoitoa iwe na uzito.

Kwamba saa ndiyo hadithi, tuna ushahidi kutoka upande usiotarajiwa. Katika miaka ya 1980 kampuni ya Hispania, BRB Internacional, ikishirikiana na Nippon Animation ya Japani, ilitengeneza katuni ya sehemu 26 ambamo Fogg ni simba, Aouda ni chui, na kila mtu ni mnyama wa aina fulani. Huwezi kubadilisha sura kuliko hapo. Hata hivyo watoto wa nchi nyingi waliikalia mbele ya runinga, kwa sababu waliambiwa siku zilizobaki, wakaongezewa na mhalifu wa kukodi anayevaa sura za watu wengine ili kuuchelewesha msafara. Deni lilikazwa badala ya kulegezwa. Mwaka 1989 BBC ilimwonyesha Michael Palin akiifuata njia ya Fogg kwa meli, treni na vyombo vya kawaida, ndege zikiwa zimepigwa marufuku. Hakukuwa na hadithi ya kubuni wala waigizaji. Siku alizokaa ndani ya jahazi kutoka Dubai kwenda Bombay, pamoja na mabaharia wa Kigujarati, ndizo ambazo watazamaji wengi walizikumbuka, nasi wa pwani hii tunaelewa: kasi ya jahazi haipangwi na mtu, na kila alfajiri baharini ilikuwa inamla Palin siku zake. Alirudi London katika siku ya 80, muda ukiwa umebaki masaa tu.

Dantès ana tatizo jingine, kubwa zaidi. Deni lake ni la muda uliopotea, na muda uliopotea ni kitu kigumu kuonyesha. Anakamatwa mwaka 1815 kwenye karamu ya uchumba wake, ana miaka 19. Anatoka kwenye ngome ya If mwaka 1829 ndani ya mfuko wa maiti, akitupwa baharini na uzito wa chuma miguuni, kwa kuwa kaburi la gereza lile lilikuwa bahari. Katikati ya tarehe hizo mbili ndimo mbegu ya kulipiza kisasi inapopandwa. Mzee Faria, mfungwa mwenzake, anamfundisha lugha, hesabu na historia, na kabla ya hapo anamfumbua macho: kwa maswali machache tu anamwonyesha ni nani waliomponza na kwa nini. Dantès aliingia gerezani akiwa hajui kuchukia. Mtazamaji asipokaa naye shimoni, hatajua anachodaiwa Fernand, na visasi vyote vinavyofuata vitakuwa michezo ya tajiri mwenye nafasi.

Tamthilia ya Ufaransa ya mwaka 1998, sehemu nne za TF1 zilizoongozwa na Josée Dayan huku Gérard Depardieu akiwa Dantès, inatukutanisha naye akiwa tayari gerezani, miaka mingi imeshapita. Ni uamuzi unaoeleweka kwa mtu aliyemkodi nyota mkubwa na hataki kumficha kwa saa nzima. Matokeo yake ni kwamba tunamwona mlipaji kisasi kabla hatujamwona aliyeumizwa. Mwisho wake pia ulibadilishwa: Dantès anarudi kwa Mercédès, mchumba wake wa zamani, wakati kitabu kinamwondoa na binti aitwaye Haydée na kumwachia kijana Maximilien barua inayosema hekima yote ya binadamu iko katika kungoja na kutumaini. Ukimrudisha kwa Mercédès umesema kwamba miaka 14 inaweza kulipwa. Dumas alikuwa amesema, kwa kurasa zaidi ya elfu moja, kwamba hailipiki, na kwamba mwenye kuidai kwa nguvu huishia kuua mtoto asiye na hatia, kama anavyokufa Édouard, mtoto wa Villefort, kwa sumu.

Mwaka 2024 hadithi hiyo ilirudi mara mbili. Filamu ya Ufaransa yenye Pierre Niney, ya karibu saa tatu, ilipendwa mno; tiketi zaidi ya milioni tisa ziliuzwa Ufaransa peke yake. Tamthilia ya Bille August, sehemu nane, Sam Claflin akiwa Dantès na Jeremy Irons akiwa Faria, ilipita kimya zaidi. Filamu ina uzuri wa macho na mwendo. Lakini mimi nakaa na tamthilia, kwa sababu inampa Irons nafasi ya kuwa mwalimu. Somo linarudiwa, mkono unachoka, ukuta haumaliziki, mzee anakohoa, kijana anaanza kusahau sauti ya baba yake. Mambo haya hayawezi kufupishwa kwa muziki na ndevu zinazorefuka.

Wajerumani waliwahi kulielewa hili kuliko wote. ZDF ilianza mwaka 1964 utaratibu wa kuonyesha riwaya maarufu za safari kwa sehemu nne nne, zikafuata kwa miaka karibu ishirini, nyingi zikirushwa karibu na Krismasi: kisiwa cha Stevenson mwaka 1966, mbwa mwitu wa baharini wa Jack London mwaka 1971. Ya kwanza ilikuwa Robinson Crusoe, iliyotengenezwa pamoja na Wafaransa na kupigwa picha visiwa vya Canary, na kijana Robert Hoffmann wa Austria ndiye aliyekuwa Robinson. BBC iliigawa katika sehemu 13, ikairudia miaka na miaka wakati wa likizo za shule.

Kinachonishangaza kila nikiiangalia ni ujasiri wake wa kutofanya haraka. Kwa muda mrefu hakuna anayezungumza skrini nzima. Kuna mtu, mchanga, na sauti yake mwenyewe ikisimulia. Anavuta magogo. Anajaribu kupata moto. Anahesabu kilichookolewa kutoka kwenye meli iliyovunjika, na sisi tunahesabu naye. Daniel Defoe mwaka 1719 alimweka Robinson peke yake zaidi ya miaka 20 kabla ya mtu aliyemwita Ijumaa, mwenzake wa baadaye kisiwani, kutokea, na kitabu kinapendeza zaidi katika kurasa za kufinyanga vyungu na kufuga mbuzi. Mtayarishaji wa leo angemwita Ijumaa sehemu ya pili kwa kuogopa watazamaji kuhama. Wale wa 1964 waliamini kwamba mtu anayejenga kitu kwa mikono yake, pole pole, anatosha kuwa tamthilia, na watoto wa nchi tatu wakawathibitishia.

Hata hivyo kuna deni jingine ndani ya Robinson ambalo tamthilia nyingi hulifunika. Meli iliyomtupa kisiwani ilikuwa inakwenda pwani ya Guinea kuleta watumwa kwa ajili ya mashamba ya Brazili. Mwenyewe alikuwa amewahi kuwa mtumwa huko Salé, Morocco, akatoroka pamoja na kijana Xury, kisha akamkabidhi kijana huyo kwa nahodha wa Kireno kwa fedha. Defoe aliandika haya waziwazi. Anayeyaacha anadhani anamsafisha Robinson, kumbe anampunguza. Miaka 28 kisiwani ina maana tofauti kabisa ukijua ilianza na safari ya namna gani, na hapa mimi simwombi mtu aongeze chochote cha kisasa. Naomba asome sura za mwanzo.

Hapo ndipo swali la sura na upande wa kusimulia linapopata mahali pake. BBC ilipoonyesha tamthilia yake ya askari wa mfalme kuanzia 2014 hadi 2016, Porthos, mmoja wa wenzake d'Artagnan, aliigizwa na Howard Charles, mwigizaji mwenye damu mchanganyiko, na wapo waliosema ni kulazimisha. Babake Dumas, Jenerali Thomas-Alexandre Dumas, alizaliwa Saint-Domingue, Haiti ya leo, na mama yake alikuwa mtumwa mweusi. Alikuwa maarufu kwa nguvu za mwili na alipanda hadi ujenerali katika jeshi la Ufaransa. Mtu akimweka Porthos mwenye asili hiyo katikati ya jeshi la mfalme, amesogea karibu na nyumba ya Dumas kuliko wengi waliomtangulia. Udhaifu wa tamthilia ile ulikuwa kwingine: kila wiki kesi mpya, kila wiki imekwisha, mpaka lile deni kubwa la d'Artagnan na adui yake Milady likayeyuka.

Mfano mkubwa wa kubadili upande bila kugusa deni ni Shōgun. Riwaya ya James Clavell ni ya 1975, changa ukiilinganisha na za Verne, lakini imejengwa kwa mbao zilezile: baharia Mwingereza, John Blackthorne, anatupwa Japani mwaka 1600 katikati ya ugomvi wa wakuu. NBC ya Marekani iliionyesha mwaka 1980 kwa usiku tano, Richard Chamberlain akiwa Blackthorne, na maneno ya Kijapani yakaachwa bila tafsiri. Mtazamaji alikuwa kiziwi pamoja na baharia. Lilikuwa wazo zuri kwa wakati wake, ila liliwafanya Wajapani wote, hata Toshirō Mifune aliyekuwa Toranaga, mmoja wa wakuu hao, wawe sehemu ya mandhari na fumbo.

Kituo cha FX cha Marekani kilipoirudia mwaka 2024 kwa sehemu 10, sehemu kubwa ya mazungumzo ilikuwa ya Kijapani, na tafsiri iliandikwa chini ya skrini. Hiroyuki Sanada alikuwa Toranaga na pia mmoja wa watayarishaji, Anna Sawai alikuwa Mariko, mkalimani wa baharia. Ghafla tukajua anachokipanga Toranaga, kile anachomficha Mwingereza, na anachoficha hata kwa watu wake. Blackthorne akashuka kuwa mmoja wa watu wengi wanaosogezwa. Na deni? Liko palepale, limekazwa kuliko 1980: Toranaga anakabiliwa na hukumu ya baraza, muda unamwishia, na kila sehemu inamla mmoja wa watu wake. Tamthilia hiyo ilipata tuzo 18 za Emmy kwa msimu mmoja, idadi ambayo haikuwahi kufikiwa. Sioni bahati hapo. Walijua kitu gani kihamishwe na kitu gani kisiguswe.

Anayedhani watazamaji wa kawaida hawaelewi mambo ya namna hii aende kwenye banda la video. DJ Afro wa Kenya na marehemu Lufufu wa Tanzania walijenga majina yao kwa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti ya asili. Wanatupa majina ya wahusika na kuwapa mengine, wanaruka mazungumzo, wanaongeza matusi ya mtaani. Lakini sikiliza dakika zao za mwanzo: nani amemdhulumu nani, nani anatafutwa, kitu gani kisipopatikana mtu atakufa. Deni linatangazwa kwanza, na linakumbushwa kila watu wanapoanza kupiga soga. Waandishi wa mswada wa Fogg wa 2021 wangenufaika sana na jioni moja kwenye benchi za mbao za huko.

Naja kwa Haggard, kwa kuwa huyu anatuhusu moja kwa moja. H. Rider Haggard alitoa riwaya ya migodi ya Mfalme Sulemani mwaka 1885, na Frederick Johnson aliileta kwa Kiswahili kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani. Katika miaka ya 1920 na 1930 Johnson pia alitafsiri hadithi ya Allan Quatermain, na pamoja na E. W. Brenn akatupa Kisiwa chenye Hazina. Vizazi vya wanafunzi wa Afrika Mashariki vilijifunza kusoma hadithi ndefu kwa vitabu hivyo. Navipenda, na naona wazi dharau iliyomo ndani yake kwa watu wanaofanana na mimi.

Watayarishaji wa runinga na filamu wameshughulika na dharau hiyo kwa kuipaka rangi ya mapenzi. Kitabuni Quatermain, mwindaji anayekisimulia kisa, anajigamba mwanzoni kwamba hamna mwanamke wa kizungu katika kisa chote. Karibu kila skrini imemwongezea mmoja. Tamthilia ya Hallmark ya mwaka 2004, sehemu mbili, Patrick Swayze akiwa Quatermain, ilimleta Elizabeth Maitland anayemtafuta baba yake, badala ya Sir Henry Curtis anayemtafuta ndugu yake. Umbopa, mtumishi wa msafara, aliigizwa na Sidede Onyulo, Mkenya, yuleyule aliyemcheza mpishi Owuor katika filamu ya Kijerumani iliyopata Oscar kuhusu familia ya wakimbizi wa Kiyahudi huko Kenya. Mwigizaji wa kiwango kile alipewa kazi ya kutembea nyuma.

Rudi kitabuni uangalie deni ni la nani. Curtis anamtafuta ndugu; Quatermain anataka fedha ya kumwachia mwanawe; Kapteni Good amefuatana nao. Umbopa anajiunga kama mtumishi huko Durban, halali vizuri, anauliza maswali makubwa kuliko cheo chake. Kisha wakifika nchi ya Wakukuana anavua nguo na kuonyesha alama ya nyoka kiunoni: yeye ni Ignosi, mfalme halali, aliyekimbizwa akiwa mtoto baada ya baba yake kuuawa, na Twala anakalia kiti chake. Amevuka jangwa lile kudai urithi. Almasi ni jambo la pembeni. Haggard, pamoja na fikra zake zote za kikoloni, alijenga hadithi yake juu ya deni la Mwafrika, halafu akampa kalamu mtu mwingine aisimulie.

Kwa hiyo njia ya Shōgun iko wazi hapa kuliko popote. Sehemu ya kwanza ianze na mama na mtoto wakikimbia milima, si na wazungu wakinywa melini. Msimu wa pili uwe wa kitabu cha 1887, Allan Quatermain, ambacho safari yake ya Afrika inaanzia Lamu: Quatermain na wenzake wanakodi askari wa Kikwafi pale mjini, wanamkuta Umslopogaas shujaa wa Kizulu, wanapanda mto Tana kwa mitumbwi, na Wamasai wanawavizia njiani. Mji upo, mto upo, na lugha ambayo watu wa Lamu wangekuwa wanaizungumza bandarini siku ile inazungumzwa hadi leo. Haggard alikufa mwaka 1925. Hakuna wa kulipwa haki za kitabu. Studio za Cape Town zilijenga bandari nzima ya maharamia kwa ajili ya tamthilia ya Black Sails, inayosimulia yaliyotangulia kisiwa cha Stevenson, na ikaendelea kwa misimu minne. Ufundi umeshaonekana barani.

Na ule ufalme wa wazungu uliofichika ambamo kitabu cha pili kinaishia? Huo mimi ningeutupa bila huruma. Lakini mwisho wa kitabu cha kwanza ningeuacha ulivyo. Ignosi, akiwa mfalme, anawaaga wageni wake kwa upendo, kisha anatangaza kwamba mzungu mwingine hatavuka milima ile tena: hataki wafanyabiashara wenye bunduki na pombe, hataki wahubiri wa kuwatia watu wake hofu ya kifo. Hotuba hiyo imo kitabuni tangu 1885, na katika matoleo ya skrini niliyoyaona hakuna hata moja lililothubutu kuifanya ndiyo sehemu ya mwisho.